Kabla ya Kuilaumu Kompyuta, Pima Macho: Mambo ya Kujua kutoka Kitui na Makueni

Wengi wetu wa Pwani tunaijua Makueni kupitia dirisha la basi au la treni ya SGR: Mtito Andei, Kibwezi, Emali, kisha Nairobi. Kitui tunaijua kidogo zaidi ya hapo, ingawa barabara ya lami inayotoka Kibwezi na kupitia Mutomo imeisogeza karibu. Mimi kazi yangu ya kufundisha kompyuta hunishusha katika miji hiyo na kunifanya nikae wiki kadhaa kila mara. Malalamiko ninayoyasikia huko ni yale yale ya Kisauni na Likoni: "Mwalimu, hii kompyuta inaniua macho."

Mimi si daktari wa macho. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo wataalamu wa macho huyarudia kila siku, nikiyaweka kwa lugha ya barazani ili msomaji ajue la kuuliza akifika hospitali au dukani. Lakini jambo moja nataka likae mbele ya mengine yote. Kwa watu wengi, kompyuta haikuharibu macho. Imefichua tu macho yaliyokuwa yakihitaji miwani tangu zamani.

Skrini zimefika, vipimo bado

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitui ni kubwa mno: zaidi ya kilomita za mraba 30,000, yaani inazishinda Kilifi, Kwale na Mombasa zikijumlishwa pamoja. Mtu wa Tudor au Majengo anayetaka kupimwa macho hupanda matatu moja akafika. Mtu wa Tseikuru au Ikutha ana safari ya saa kadhaa hadi Kitui mjini, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Skrini, kwa upande wake, hazikungoja. Jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza, ulioko Malili ndani ya Makueni, liliwekwa Januari 2013. Serikali ya kaunti hiyo imefungua vituo vya habari vya jamii ambamo vijana hujifunza kompyuta na kutafuta kazi za mtandaoni. Kitui kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, kilichopata hati yake 2013. Shule za msingi za umma nchini zilianza kupelekewa vishikwambi 2016. Na hakuna soko lisilokuwa na wakala wa M-Pesa anayekodolea simu tangu asubuhi hadi magharibi.

Kwa hivyo watu wengi wameanza kazi ya kutazama karibu, saa nyingi kwa siku, bila hata mara moja kupimwa macho maishani mwao. Nimekuwa na mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Kibwezi aliyetaka kuacha masomo baada ya wiki tatu. Kila ikifika adhuhuri kichwa kilimgonga, na herufi zikawa zinabebana. Nyumbani walishamwambia kompyuta itampofusha. Alipopimwa, ilionekana ana tatizo la kuzaliwa nalo linalorekebishwa kwa miwani ya kawaida. Alimaliza kozi. Najiuliza ni wangapi walioacha kimya kimya, na sisi tukasema hawakuwa na bidii.

Jicho linakosea wapi?

Jicho hufanya kazi kama kamera. Mwanga hupita kwenye konea, kile kioo safi cha mbele, halafu kwenye lenzi ya ndani, na kukusanywa juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea picha na kuipeleka kwa ubongo. Picha isipotua sawasawa juu ya utando huo, mtu huona ukungu. Makosa ya namna hii ni manne.

La kwanza ni kutoona mbali. Jicho ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa, na picha inatua kabla ya kufika retina. Mtoto mwenye hali hii husoma kitabu vizuri lakini hawezi kusoma ubao. Mara nyingi huanza umri wa shule na kuongezeka hadi utu uzima.

La pili ni kutoona karibu. Jicho ni fupi, na picha ingetua nyuma ya retina. Kijana anaweza kulishinda kosa hili kwa kuikaza misuli ya ndani ya jicho, kwa hivyo ukimuuliza atakwambia anaona vizuri. Anaona, lakini kwa nguvu. Mkalishe mbele ya skrini saa nne, misuli ile itachoka, na kichwa kitamuuma. Huyu ndiye anayesema kompyuta imemharibu.

La tatu ni astigmatizimu. Konea haina mviringo sawa pande zote; imekaa kama mgongo wa kijiko badala ya mpira. Mistari mingine huonekana wazi na mingine hutawanyika, karibu na mbali. Huyo mwanafunzi wa Kibwezi alikuwa na hili.

La nne halimwachi mtu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya ndani huanza kuwa ngumu na kushindwa kujikunja kwa ajili ya kutazama karibu. Utamwona mtu anaisukuma simu mbali, mpaka mkono wenyewe unakuwa mfupi. Huu si ugonjwa wala si laana. Ni umri, kama mvi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019 kuhusu macho, lilikadiria kwamba watu bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajahudumiwa. Katika hao bilioni moja, milioni 826 ni wale wa kundi la nne: watu waliokosa miwani ya kusomea tu.

Si wa kompyuta peke yao

Hapa nawakumbuka akina mama wa Kitui na Makueni wanaosuka viondo vya mkonge. Kazi ile ni ya kuhesabu nyuzi, na mama akifikisha miaka 45 nyuzi zinaanza kumchanganya. Anapunguza kasi, au anamwachia binti yake kazi ya nakshi, au anaacha kabisa. Ni hivyo hivyo kwa wachongaji wa Kikamba tulionao hapa kwetu Changamwe, katika chama chao cha ushirika kilichoanza 1963, na kwa fundi cherehani wa Mji wa Kale anayemwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano.

Je, miwani ya kusomea inabadilisha nini? Nchini Bangladesh watafiti walilipima swali hili vijijini, kwa watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za mikono na wasioona karibu. Nusu walipewa miwani ya bure mwanzoni, wengine wakapewa baada ya utafiti kwisha. Matokeo yalichapishwa 2024: baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa juu ya cha wenzao kwa takriban asilimia 33. Miwani yenyewe ni ile rahisi inayouzwa hata sokoni kwa mia chache za shilingi. Sijui mradi mwingine wa kijijini wenye gharama ndogo hivi na faida kubwa hivi.

Basi kompyuta inafanya nini kwa macho?

Haina maana kwamba kompyuta haina lake. Inachosha macho kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ukavu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 au zaidi kwa dakika, na kila mara kope hueneza machozi juu ya konea. Akikodolea skrini, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini yake, na mara nyingi kope hazifungi kikamilifu. Machozi hukauka, jicho linawasha, linakuwa jekundu, na wakati mwingine linatoa maji mengi kwa hasira ya ule ukavu. Kitui na Makueni hali huzidi, hasa kiangazi cha Juni hadi Oktoba, kwa vumbi na upepo mkavu. Pwani tuna unyevu hewani, lakini nasi tunajikausha wenyewe kwa pangaboi linalopiga usoni au kiyoyozi cha ofisini.

Njia ya pili ni misuli. Kutazama karibu kunahitaji misuli ya ndani ijikaze, na macho mawili yageukie ndani pamoja. Kushikilia hivyo kwa saa nyingi ni sawa na kubeba ndoo bila kuibadilisha mkono.

Njia ya tatu ni mng'ao. Nimefundisha katika chumba cha mabati ambamo jua la alasiri liliingia kwa mlango wa mbele na kupiga moja kwa moja kwenye skrini. Wanafunzi walikuwa wakisoma vivuli vyao wenyewe.

Uchovu huu ni wa kweli na unakera, lakini kwa mtu mzima huondoka akipumzika. Hakuna ushahidi kwamba kutumia skrini kunampofusha mtu.

Namna ya kuyalinda

Haya hayahitaji pesa nyingi, na yote nimeyajaribu darasani.

Kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mwembe ulio nje unatosha. Ukiwa na simu, weka kengele ikukumbushe mpaka uzoee.

Pepesa macho kwa makusudi. Kila ukimaliza ukurasa, funga macho taratibu mara kadhaa, kope zikutane.

Weka skrini umbali wa urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo. Ukitazama chini, kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na machozi hayakauki upesi. Ukitumia kompyuta ya mapajani, iinue kwa vitabu na utafute kibodi ya kuchomeka.

Dirisha liwe ubavuni, si mbele yako wala nyuma ya mgongo wako. Mwanga wa skrini ulingane na wa chumba. Usiku usikae gizani na simu yenye mwanga mkali; washa taa.

Kuza maandishi. Hakuna tuzo ya kusoma herufi za sisimizi.

Geuza pangaboi lisikupige usoni. Vumbi likikuingia, suuza kwa maji safi, usisugue.

Macho yakiwa makavu kila siku, matone ya machozi ya kutengenezwa yanapatikana kwenye maduka ya dawa. Lakini hapa nataka kuonya. Kuna matone mengine yenye steroidi, kama deksamethasoni na betamethasoni, ambayo huondoa wekundu na mwasho kwa siku moja, na watu huambizana kuyanunua. Yakitumiwa kwa muda bila daktari kusimamia, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma au mtoto wa jicho. Soma jina la dawa kabla ya kuitia jichoni. Na tuache kutia maziwa, mkojo, asali au maji ya majani. Konea ikipata kidonda, kovu lake hubaki.

Miwani ya "kuzuia mwanga wa buluu"

Wanafunzi wangu wawili walirudi kutoka mjini na miwani yenye rangi ya manjano, wakiwa wameambiwa na muuzaji kwamba itawakinga na kompyuta. Walilipa pesa nyingi kuliko ambazo wangelipa kwa kipimo kamili na miwani ya kawaida.

Mwaka 2023 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kuzipima tafiti za tiba, ulichambua majaribio 17 kuhusu lenzi hizo. Hitimisho lake ni kwamba, kwa muda mfupi, huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida. Mwanga wa buluu wa skrini ni mdogo sana ukilinganishwa na wa jua unalotembea chini yake kila siku. Kinachochosha ni kukodoa, kukaa karibu na kutopepesa. Kama unataka kulala vizuri, funga simu saa moja kabla ya kulala. Hilo ni bure.

Njia za kurekebisha kuona

*Miwani.* Hii ndiyo njia salama na rahisi kuliko zote, na hufaa kwa makosa yote manne. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 anayetumia kompyuta ajue jambo moja linalowatatiza wengi. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi. Skrini iko mbali zaidi, kwa hivyo miwani ile ile huileta na ukungu, na mtu anaanza kuinama au kunyoosha shingo kama kobe. Mwambie mpimaji umbali wa skrini yako. Lenzi ya kompyuta huwa na nguvu ndogo kidogo kuliko ya kusomea. Ukivaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, shingo itakuuma kwa kuinua kidevu kutafuta sehemu ya chini.

Miwani ya kusomea iliyo tayari, ile ya sokoni, haina ubaya kwa mtu ambaye macho yake mawili yanalingana na hana astigmatizimu. Lakini usiifanye kuwa kipimo. Haiwezi kukwambia kama una glakoma.

*Lenzi za kuvaa jichoni.* Hizi hukaa juu ya machozi, na wanaozipenda huzisifu kwa sababu hazionekani. Kwa mtu wa Kitui au Makueni, mimi ningemshauri afikiri mara mbili. Lenzi zinataka mikono iliyonawa kwa sabuni kila mara, dawa yake maalumu ya kuoshea, na kesi inayobadilishwa. Haziruhusiwi kuguswa na maji ya bomba, ya mtungi wala ya kisima, kwa sababu ndani yake mnaweza kuwa na kijidudu kiitwacho akanthamiba kinachotafuna konea. Penye shida ya maji na vumbi jingi, na kompyuta inayokausha machozi, hatari huongezeka. Usilale nazo, wala usiogelee nazo baharini.

*Upasuaji wa leza.* Leza huondoa sehemu ndogo sana ya konea ili kubadilisha umbo lake, na picha ikatua mahali pake. Nchini Kenya hufanywa katika hospitali chache za binafsi, hasa Nairobi, na mgonjwa hulipa mwenyewe. Hafanyiwi mtu aliye chini ya miaka 18, wala ambaye namba za miwani yake bado zinabadilika. Kwa kawaida zinatakiwa zitulie angalau mwaka mmoja. Mjamzito na anayenyonyesha husubiri. Mambo matatu yasifichwe. Ukavu wa macho ni wa kawaida baada ya upasuaji, na anayekaa kwenye kompyuta ataujua. Leza ya kurekebisha kutoona mbali haizuii macho ya umri. Ukifika 45 utahitaji miwani ya kusomea. Na mwenye konea nyembamba au inayochongoka kama koni haifai kabisa. Hali hiyo ya kuchongoka huhusishwa na kusugua macho kwa miaka mingi, na watoto wenye mzio wa macho husugua sana. Kwa hivyo lazima konea ipimwe kwa mashine kwanza. Hospitali isiyofanya hivyo, ondoka.

*Mtoto wa jicho.* Huu si upungufu wa miwani. Lenzi ya ndani imepata ukungu, na hakuna miwani wala matone yatakayouondoa. Dawa yake ni upasuaji mfupi: lenzi mbovu inatolewa, ya kutengenezwa inawekwa. Mzee akibadilisha miwani kila mwaka na bado haoni, apelekwe kwa daktari.

Watoto

Kwa mtoto, hofu ya wazazi kuhusu skrini ina msingi, ingawa si ule wanaoufikiria. Kutazama karibu kwa muda mrefu na kukosa jua la nje huendana na kutoona mbali. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 ya wale ambao hawakuongezewa. Matokeo hayo yalitolewa 2015. Wazee wetu waliokuwa wakitufukuza nje tukacheze hawakukosea.

Tatizo jingine ni kwamba mtoto hajui kuwa haoni. Anadhani kila mtu huona vile. Anaitwa mzembe, anakaa nyuma, anaporomoka. Katika Kaunti ya Trans Nzoia kulifanywa jaribio katika shule 50, ambapo walimu waliwapima wanafunzi macho, na matokeo yakachapishwa 2018. Katika shule za kundi moja, walimu walitumia simu yenye programu ya Peek, na wazazi wa waliogunduliwa wakatumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Asilimia 54 ya watoto hao walifika hospitali. Katika shule nyingine, ambako walimu walitumia chati ya kawaida na barua ya karatasi, walifika asilimia 22 tu. Kupima hakukuwa kugumu. Kufika hospitali ndiko kulikokwama, na ujumbe wa simu ulisaidia. Kwa kaunti kubwa kama Kitui, na hata kwetu Tana River, somo hilo ni la kuchukuliwa.

Siku ya kupimwa

Anza na hospitali ya rufaa ya kaunti, Wote kwa Makueni na Kitui mjini kwa Kitui, na uulize kwenye dawati la SHA ni huduma gani zinazolipiwa. Kwa Pwani tuna Lighthouse for Christ Mombasa na Kwale Eye Centre. Kwa upande wa bara kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu na hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi.

Kipimo kizuri hakiishii kwenye mashine unayowekea kidevu. Mashine hutoa makadirio. Mpimaji lazima akubadilishie lenzi moja moja akiuliza ipi bora. Mtoto huenda akatiwa matone ya kulegeza misuli ili isidanganye. Mwenye miaka 40 na zaidi apimwe pia presha ya jicho na atazamwe mshipa wa nyuma, kwa sababu glakoma huiba kuona bila maumivu, na sisi Waafrika tumo katika hatari kubwa zaidi. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama anaona.

Omba karatasi yako, ni haki yako. Juu yake, R au OD ni jicho la kulia, L au OS la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu. CYL na AXIS ni za astigmatizimu. ADD ni nyongeza ya kusomea, na PD ni umbali kati ya mboni zako mbili. Ukiwa nayo unaweza kulinganisha bei katika maduka matatu.

Kuna dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: kupoteza kuona ghafla, kuona mimweko au nzi weusi wengi wapya, pazia jeusi upande mmoja, jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona vitu viwili viwili, au mboni ya mtoto kung'aa nyeupe kwenye picha. Hizo ni za siku hiyo hiyo.

La mwisho

Chati ya herufi ambayo Mholanzi Herman Snellen aliibuni 1862 bado inafanya kazi. Ni karatasi moja ukutani, na mita 6 za sakafu. Hakuna sababu kituo chochote cha mafunzo ya kompyuta, kiwe Wote, Mwingi, Malindi au Lamu, kimwandikishe mwanafunzi bila kumsimamisha mbele yake, kuziba jicho moja, kisha la pili, na kumuuliza kama kichwa humuuma akisoma. Asiyefika mstari unaotakiwa, na anayeumwa kichwa, aandikiwe rufaa, na mzazi wake atumiwe ujumbe. Tunatumia mamilioni kununua kompyuta. Aliyekaa mbele yake bila kuziona ni kama mgeni aliyealikwa karamuni amefungwa mdomo.